Mistari Sita

Kidole gumba ndicho kilichoanza. Asubuhi moja Fundi Mawimbi alikuwa ameinamia redio ya mteja, chuma cha kulehemu mkononi, mara gumba la mkono wa kulia likaanza kucheza peke yake, kana kwamba linasikia muziki ambao mwenyewe hausikii. Akalitazama, akacheka. Kicheko hakijaisha, kiganja kizima kikaingia kwenye ule mchezo, kisha kiwiko, kisha bega. Mteja aliyekuwa akisubiri mlangoni akamwona fundi anakwenda chini pamoja na kiti chake, macho yamegeuka, taya zimeumana. Chuma cha moto kilimwangukia kwenye mkono kikamchoma, naye hakujua.

Kitinda alipigiwa simu akiwa kazini. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, wa mwisho kati ya watoto sita, na Fundi Mawimbi ndiye wa kwanza. Kati yao palikuwa na miaka kumi na saba. Wazazi walipoondoka duniani wakiwa wamefuatana, kaka ndiye aliyemchukua mdogo wake akiwa bado anaota meno ya pili, akamlea katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, hata Kitinda akajua rangi za nyaya kabla ya kujua herufi. Sasa alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, na bado aliishi kwa kaka, chumba cha nyuma karibu na jiko.

Jiko lenyewe lilikuwa lake. Wifi yake alikuwa mwalimu. Alitoka alfajiri na kurudi na mzigo wa madaftari ya kusahihisha. Basi Kitinda ndiye aliyepika, na Kitinda alikuwa na mkono wa mapishi. Kila jioni alikatakata matango, karoti na nyanya mbichi, akazikamulia ndimu, na kaka akalimaliza bakuli zima peke yake, maana mkewe na binti yao walisema wao si mbuzi hata wale majani.

"Mkono huu," kaka alizoea kusema akilamba vidole, "siku ukiolewa, nami nahamia huko huko."

Siku ile alipozinduka wodini, jambo la kwanza aliuliza kama ile redio imepona. La pili aliuliza nani wamemwona akianguka. Alipoambiwa ni nusu ya mtaa, akajifunika shuka hadi usoni.

Mwezi haukuisha akaanguka tena, mara mbili. Majirani walikuwa na majibu mengi kuliko madaktari. Mmoja alisema ni moshi wa risasi ya kulehemu, mwingine akasema ni husuda za mafundi wenzake, wa tatu akasema mwanamume akifika miaka arobaini na mitano bila kupumzika kichwa hukatika waya. Fundi mwenyewe alianza kufunga duka mapema. Aliogopa kushika kitu cha moto. Aliogopa hata kumbeba binti yake mgongoni.

Kitinda akampeleka kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mama mmoja mfupi aliyeongea polepole kana kwamba kila neno analipima uzito. Alimgonga magoti, akamfuatisha macho kwa ncha ya kalamu, akamwambia asimulie tena na tena jinsi gumba linavyoanza. Kisha akauliza jambo ambalo hawakulitarajia.

"Eneo mnaloishi, watu wanafuga nguruwe? Nyumbani mnakula nyama yake?"

Fundi Mawimbi akainuka kitini.

"Daktari, nimekuja na ugonjwa, sikuja kutukanwa. Kwetu haijaingia tangu babu wa babu. Mimi hata harufu yake siijui."

"Sijakutukana. Nataka upimwe damu."

"Basi pimeni malaria."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Kitinda alimkuta dukani jioni ile, amekaa mbele ya redio iliyozimwa. Akavuta stuli akakaa karibu naye, kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Kaka, hukumsikia daktari vizuri."

"Nimemsikia sana."

"Hukumsikia. Kuna mnyoo anaitwa tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe mwenye vifuko vya vitoto vya mnyoo huyo, nayo haikuiva, tegu anakua tumboni mwa huyo mtu, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Huyo mtu huenda asiumwe chochote. Lakini kila akienda chooni anatoa mayai. Asiponawa vizuri, mayai yanabaki kwenye vidole. Akishika chakula cha mwingine, yule mwingine akayala, mayai yanaanguliwa tumboni, vitoto vyake vinapita kwenye damu hadi kichwani. Huyo wa pili ndiye anayeanguka. Na huyo wa pili huenda maisha yake yote hajaonja nguruwe hata kwa bahati mbaya."

Fundi alilitafuna lile neno.

"Yaani unaniambia nimekula mavi ya mtu."

"Kidogo sana, kaka. Hata kwa macho hayaonekani."

"Afadhali! Nilidhani sahani nzima." Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha kicheko kikamkauka. "Mtu gani huyo?"

"Anaweza kuwa yeyote. Mpishi wa hotelini. Muuza matunda."

"Kikulacho ki nguoni mwako," kaka akasema, akajigonga paji la uso. "Changu kimepanda juu zaidi. Haya, hiyo damu yenyewe ni kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Chukua."

Mashine ya picha za kichwa ilikuwa na foleni ya wiki mbili. Kipimo cha kingamwili, zile silaha ambazo damu hujiundia dhidi ya mdudu, hakikuwa na foleni, kwa kuwa katika hospitali ile siku hizi aliyekifanya ni Kitinda mwenyewe. Sheria ya maabara ilikuwa kwamba mtu hasomi jibu la ndugu yake. Akamwendea Mzee Lenzi, mkuu wa chumba, ambaye alibakiza miezi michache astaafu na alivaa kioo cha kukuzia shingoni kama wenzake wanavyovaa tai.

"Fanya kipimo wewe," Mzee Lenzi akasema, "jibu nitalisoma mimi, na majina nitayaficha. Kaka yako atachanganywa na wengine kumi. Hutajua yupi ni yupi."

Lakini alijua. Chupa namba arobaini na moja ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe kwenye kibandiko, alikuwa ameiandika kabla hajafikiri. Akaipanga pamoja na nyingine, na Mzee Lenzi, aliyeliona hilo, akamwacha aendelee.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kitinda alizungusha damu kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikatua chini na juu pakabaki maji ya rangi ya majani makavu. Hayo ndiyo aliyoyataka. Akatoa vitepe vyeupe vya kipimo hicho, virefu kama kidole na vyembamba kama ukucha, akavilaza kila kimoja kwenye mfereji wake katika trei. Ukivitazama ni karatasi tupu. Kumbe ndani yake, kutoka juu hadi chini, zimepangwa protini saba za yule mdudu, kila moja mahali pake. Hata ukiwa na macho ya tai huzioni.

Akamwagia kila kitepe maji ya maziwa ya unga ili kuziba nafasi zilizobaki wazi, akaongeza tone la maji ya damu ya kila mtu, akawasha trei. Ikaanza kutikisika polepole, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mama anayembembeleza mtoto.

Kazi hii alikuwa ameifanya mara zisizohesabika. Siku zote alipofika hapa alikwenda kunywa chai. Leo alibaki. Alimfikiria kaka, jinsi alivyo mtu wa maneno mengi asiyeweza kuweka siri ya mtu hata kwa saa moja, kisha akafikiri kwamba ndani ya mtu huyohuyo huenda kuna siri ya miaka, na kwamba sasa hivi, ndani ya mfereji wenye upana wa mrija, vitu vidogo kuliko chochote alichowahi kukiona kwa darubini vinatembea kwenye maji ya maziwa vikimtafuta mtu vinayemjua. Hakuna aliyeviambia yuko wapi. Kama vipo, vitamkuta.

Akasuuza. Akaweka dawa ya pili, ile inayong'ang'ania kingamwili popote zilipokaa. Akasuuza tena, mara tatu, mara nne. Mwisho akaleta dawa ya rangi, akaitia mfereji baada ya mfereji, na Mzee Lenzi akaja akasimama nyuma yake.

Vitepe vya kwanza vilibaki vyeupe. Kile cha majaribio, kinachojulikana kuwa na ugonjwa, kikatoa mistari yake kama kawaida. Kisha namba arobaini na moja.

Mstari wa kwanza ulikuja kama kivuli, mtu anaweza kudhani ni macho yake. Ukakolea. Chini yake ukaja wa pili. Wa tatu na wa nne ikaja pamoja, myembamba, imenyooka, rangi ya kahawa. Haikuwa kama kitu kinachochorwa. Ilikuwa kama kitu kilichokuwapo siku zote na sasa kinainuka kutoka chini ya maji. Wa tano. Halafu, alipodhani kimekwisha, wa sita.

Kitinda akainamia trei.

"Sita," Mzee Lenzi akasema taratibu. Akainua kioo chake akarudia kuhesabu. "Miaka thelathini na sita nafanya kazi hii, binti yangu, na mpaka leo sijazoea. Huyu mtu hajawahi kumwona huyu mdudu. Hajui hata anafananaje. Lakini damu yake imemtazama uso kwa uso, ikafua funguo sita za kufuli zake sita, ikaziweka. Nani aliifundisha?"

Haikuwa hofu peke yake iliyomshika Kitinda. Alikuwa na haja ya kulia na haja ya kumwita mtu aje aone. Kule kutojua kwao kote, husuda, moshi, waya uliokatika, na wakati wote huo kulikuwa na shahidi mmoja ndani ya kaka yake, anayejua kila kitu, aliyekuwa akingoja tu aulizwe kwa lugha yake.

Picha ya kichwa ilipopatikana ilisema vilevile. Vifuko kumi na kimoja, viduara vyeusi, kila kimoja na nukta nyeupe katikati, ambayo daktari alisema ndiyo kichwa cha mdudu. Fundi Mawimbi aliishika ile picha akaielekeza dirishani kwa muda mrefu.

"Wapangaji kumi na mmoja," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi."

Akalazwa. Daktari alieleza kwamba wadudu wakifa kichwani ubongo huvimba kwa hasira, kwa hiyo dawa za kutuliza uvimbe na za kuzuia kuanguka zitatangulia, ya kuua itafuata, na yeye atakuwa chini ya macho yao muda wote. Kisha akamgeukia Kitinda na wifi yake.

"Mwenye tegu mara nyingi huwa karibu. Nataka choo cha kila mtu wa nyumba ile kipimwe. Na damu zenu pia."

Wifi aliona aibu kubeba kikopo kile, akakifunga ndani ya mifuko mitatu. Kitinda alimtania njia nzima. Akaweka na chake pale mezani kwa Mzee Lenzi, namba moja ya wifi, namba mbili ya binti, namba tatu yake, akaenda kuendelea na kazi zake akipiga mbinja.

Mchana Mzee Lenzi alimwita kwenye darubini. Akasogea kumpisha.

Kitinda akaweka jicho. Lilikuwa yai la duara, la hudhurungi, ganda lake nene lenye mistari iliyotoka katikati kwenda pembeni kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Ndani ya yai vilionekana vikulabu, vidogo mno. Alikuwa amewaonyesha wanafunzi mayai kama hayo kwenye vitabu. Hili lilikuwa safi kuliko la kitabuni.

"Zuri," akasema. Ndilo neno lililomtoka. "Tumempata, Mzee. Namba ngapi?"

Mzee Lenzi alikuwa akifuta kioo chake kwa ncha ya koti, akikifuta na kukifuta.

"Tatu," akasema.

Kitinda aliangalia tena darubini kana kwamba yai litajitetea. Halafu akaenda stoo, akakaa juu ya katoni ya glavu.

Alikumbuka mara moja, hakuhitaji kutafuta. Mwaka wa mwisho wa chuo, miaka minne iliyopita, kabla ya kurudi kwa kaka. Walikuwa wasichana watano waliotoka mazoezini, mvua imewalowesha, njaa imewauma, na pembeni mwa barabara palikuwa na jiko la mkaa na nyama. Wenzake walijua ni nyama gani. Naye alijua. Alikula kwa kuwa hakuna wa kwao aliyekuwa akimwona, na ile ya katikati ilikuwa nyekundu bado, na alikula hiyohiyo. Hakumwambia mtu. Miaka minne alikuwa akikata matango.

"Mayai ya tegu wa ng'ombe yanafanana na haya kama mapacha," Mzee Lenzi alimwambia alipomfuata. "Huyo wa ng'ombe haendi kichwani kwa mtu. Meza dawa, tuletee mdudu mwenyewe, tumhesabu matawi. Usijihukumu kabla."

Kwa siku mbili Kitinda aliishi kwa tumaini hilo, akiomba chanzo kiwe ng'ombe ambaye hakumjua. Dawa ikafanya kazi. Mzee Lenzi alichukua kipande kimoja cha yule mdudu, chepesi na cheupe kama utepe wa hariri, akakibana kati ya vioo viwili na kukiinua kwenye mwanga. Ndani yake mliota mti, shina na matawi, kila tawi limejaa mayai maelfu kwa maelfu. Wa ng'ombe huwa na matawi mengi, kupita kumi na matatu; wa nguruwe huwa na machache. Wakahesabu wote wawili, kila mmoja peke yake.

Tisa.

Siku hiyohiyo damu za nyumbani zilipimwa, na safari hii Mzee Lenzi alishika trei yeye mwenyewe. Kitepe cha wifi kilibaki cheupe. Cha binti kikabaki cheupe. Kitinda alikitumbulia macho cha kwake, akingoja kivuli, akingoja uzi. Mdudu alikuwa amelala ndani yake miaka minne, akala alichokula, akawa mrefu kumpita, lakini hakuwahi kutoka tumboni hata damu imjue. Kitepe kilibaki cheupe kama siku kilipotoka kiwandani. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alitamani walau mstari mmoja, walau ule mwembamba wa juu, ili asiwe amepita salama peke yake.

"Maabara haina ulazima wa kumwambia mgonjwa ni nani," Mzee Lenzi akasema akimpa kisogo, akijifanya anapanga chupa. "Tutaandika kwamba aliyekuwa na mnyoo katibiwa. Yatakwisha hapo."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa upendo, na Kitinda alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akavua koti jeupe, akanawa mikono hadi viwiko, akanawa tena, akapanda wodini.

Kaka alikuwa amekaa kitandani akimenya chungwa. Mkewe alikuwa upande wa pili na madaftari yake.

"Kaka," Kitinda akasema, "mnyoo ulikuwa wangu."

"Upi?"

"Uliokuambukiza. Ulikuwa tumboni mwangu. Mayai yalitoka mikononi mwangu."

Kalamu ya wifi ilisimama juu ya daftari. Fundi Mawimbi alilitazama chungwa, kisha akamtazama mdogo wake.

"Ulikula wapi?"

"Chuoni. Kulikuwa na mvua. Ilikuwa ya kuchoma, haikuiva."

"Ulijua ni nyama gani?"

"Nilijua."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia.

"Ilikuwa tamu?" kaka akauliza.

Kitinda alitaka kudanganya, akashindwa. "Tamu sana," akasema, na machozi yakamshuka.

Kaka alicheka, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyepigwa ngumi. Kisha akaliweka chungwa chini bila kulimaliza na kuugeukia ukuta.

"Niache kidogo, Kitinda."

Kidogo hicho kilikuwa siku tatu. Kitinda alifika asubuhi na jioni, akasimama mlangoni, akaona mgongo. Wifi yake alimfuata koridoni siku ya pili. Hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno.

"Wifi, nakupenda. Lakini mkono wako nauogopa. Kwa sasa nitapika mwenyewe."

"Una haki," Kitinda akamjibu, na kweli aliona ana haki.

Siku ya nne, muuguzi alimwambia anaitwa. Kaka alikuwa amekaa, picha ya kichwa chake iko magotini. Hakumsalimu. Alianza katikati, kama alivyokuwa akianza dukani anapokuwa na redio iliyomshinda.

"Nimefikiri nikachoka. Nieleze. Hawa wako huku, ndani ya fuvu. Damu mliitoa huku, kwenye mkono. Damu ilijuaje?"

Kitinda akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamweleza habari za kitepe kitupu na maji ya maziwa, trei inayotikisika, funguo na kufuli, mistari inavyoinuka. Alianza kwa sauti ya kuogopa, lakini alipofika kwenye ule mstari wa sita alikuwa ameshasahau kuogopa, mikono yake ikichora hewani. Kaka alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo.

"Mistari sita," akarudia. "Kwa hiyo miaka yote ninakula na kusifu, damu yangu inajua."

"Inajua."

"Na haikuniambia!"

"Haina mdomo, kaka. Ndiyo maana mimi nina kazi."

Kaka akaupeleka mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la chuma cha kulehemu, akamshika kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani akimkagua kama ana homa.

"Ulikuwa mtoto mwenye njaa," akasema. "Ningekuwa mimi kwenye ile mvua, sijui." Akautoa mkono. "Lakini usidhani nimemaliza kukasirika. Nitakasirika tena kesho. Wewe njoo tu."

Naye alikuja. Siku dawa ya kuua ilipoanza kufanya kazi, kichwa kilimuuma kaka mpaka akasahau hata jina la binti yake, na Kitinda alikuwapo, akimshikia beseni. Alianguka mara moja tena, pale pale wodini. Kisha siku zikaanza kupita bila kuanguka, wiki, mwezi. Alirudi nyumbani. Alifungua duka nusu siku, halafu siku nzima, dawa zake za kuzuia kifafa zikiwa kwenye kopo la misumari ili asizisahau. Wifi alipika mwenyewe miezi miwili. Jioni moja alichoka, akasukuma ubao wa kukatia upande wa Kitinda, akabaki amesimama hapo kwenye sinki akihesabu kwa sauti jinsi anavyonawa: vidole, katikati ya vidole, chini ya kucha. Kitinda alinawa kama anavyohesabiwa. Tangu hapo walikata pamoja.

Mwaka ulipokaribia kutimia, picha mpya ilionyesha kwamba wapangaji wote wamekufa. Zilibaki chembe ndogo nyeupe tu, mithili ya chumvi iliyomwagika. Fundi Mawimbi akasema haamini picha peke yake. Anataka kukiona hicho kitepe kwa macho yake.

Mzee Lenzi alikuwa ameshastaafu, na Kitinda sasa ndiye mkuu wa chumba. Akampa kaka koti la wageni, likambana mabegani, akamkalisha kwenye stuli mbele ya trei. Akaweka dawa ya rangi. Mistari ya kaka ikaja, minne, imefifia, kama maandishi ya kalamu inayoishiwa wino.

"Si umesema wamekufa?"

"Wamekufa. Damu haijaacha kuwakumbuka. Itachukua miaka."

Kaka aliinamia kitepe mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kifuniko. Hakutania. Kitinda hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona kaka yake kwenye jambo asilolitania.

Katika mfereji wa mwisho, kitepe kingine kikaanza. Kivuli juu. Uzi chini yake. Wa tatu, wa nne, wa tano, imekolea kuliko ya kaka.

"Huyu ni nani?" akanong'ona.

"Sijui. Ni namba tu."

"Mwenyewe anajua?"

"Bado. Labda sasa hivi yuko mahali anafikiri amerogwa."

Mstari wa sita ukainuka, ukafuatwa na wa saba. Fundi Mawimbi akashuka kwenye stuli, akavua kofia, akasimama wima mbele ya ile trei ndogo inayotikisika, mikono ameishusha ubavuni. Kitinda akavuta karatasi ya majibu, akaandika namba na saa, akanyanyua simu ya mezani kumwita daktari.